Gurudumu la Nyuma

Mtu yule hakuomba ruhusa. Lévi alikuwa bado anafungua kamba za bidoni, yale madumu ya mawese, pale sokoni Butembo, jasho la kupanda milima halijamkauka mgongoni, alipogeuka akamkuta mzee mmoja amechuchumaa nyuma ya baiskeli yake. Mzee alishika kitambaa kilicholowa petroli na alikuwa akisugua moyeu wa gurudumu la nyuma, lile bomba nene la katikati ambako rayoni zote, yaani spoki, huanzia. Grisi ya miaka mingi ilikuwa ikitoka kwa mabonge meusi.

"Papa, uko natafuta nini kwa kinga yangu?" Lévi aliuliza. Kinga ndilo jina la baiskeli kwa watu wa huko.

Mzee hakumtazama. Alisogeza uso karibu na chuma, akapuliza, kisha akaita, "Patron! Kuya uone. Iko yenyewe."

Aliyeitwa ni Salomon, muuza vitenge, mwanamume mnene aliyetembea akikwepa matope kana kwamba matope yote ya Butembo yalimlenga yeye. Mzee aliitwa Malachie. Alikuwa fundi wa baiskeli, lakini tangu masika iliyopita Salomon alimlipa asitengeneze kitu, azunguke tu sokoni akitazama baiskeli za watu.

"Soma," alisema Salomon.

"Hapa iko munane. Munane moja tu. Ile usine ya kuzitengeneza, nyuma ya vita, walikuwa naandika tarakimu mbili. Ingekuwa ya quarante-huit, ningeona ine na munane. Donc hii ni trente-huit, mwaka ya makumi tatu na munane. Na vitesse tatu, zile gia, ziko ndani ya moyeu humu humu, ni vile imekufa tu juu ya vile hakuna kable. Ni ya mbele ya vita, patron."

"Vita gani?" Lévi aliuliza. Hakutania. Mwaka ule wa 2000 watu wa Butembo walikuwa na vita za kuchagua: ile iliyomwondoa mkubwa wa Kinshasa, ile iliyofuata, na hii ambayo waasi na askari wa Uganda walikuwa wakiiendesha barabarani kila siku.

"Vita ya Bazungu," Malachie alisema. "Ya kule kwabo."

Salomon aliweka mkono juu ya kiti cha baiskeli, akauacha pale. "Ndugu, kuna muzungu mumoja Kampala anapendaka hizi kitu. Nitakupa kinga mupya ya Chine, na kitu juu yake."

"Ya Chine haibebe bidoni ine. Na hii haiuzishwe. Ni ya baba yangu, marehemu Kahongya. Aliinunuaka mupya, dukani Beni, mwaka ya cinquante-quatre, makumi tano na ine, na pesa ya kahawa."

Malachie alicheka kwanza. Salomon akafuata, kisha wauza chumvi waliokuwa karibu, ambao hawakujua kinachochekwa.

"Mupya?" Salomon alisema. "Kitu ya trente-huit, baba yako aliinunua mupya cinquante-quatre? Basi ao alikuwa mwongo, ao alikuwa mwizi. Chagua."

Lévi alimwondoa mkono kwenye kiti. Hakumpiga, alimwondoa tu, lakini watu walikuwa wanatazama, na Salomon alikuwa mtu asiyezoea kuondolewa mkono mbele za watu.

* * *

Jioni ile Salomon alimweleza mama yake habari hiyo kama kichekesho cha sokoni. Mama yake, Kahambu, hakucheka. Aliweka chini kikombe cha chai.

"Vitesse tatu ndani ya moyeu?" aliuliza. "Inaliaka tiki-tiki-tiki ukiisukuma?"

"Sijui, mama. Labda."

"Kinga ya baba yangu ilikuwaka inalia vile. Mapère ya misheni walimupatia, kinga ya mbele ya vita, juu alikuwa katekista wa kwenda mbali. Hapa kwetu hakukuwa ingine inalia vile. Tulikuwa tunamusikia bado hatujamuona."

Baba yake, Sikuli, aliondoka Beni kwa baiskeli hiyo mwaka 1964, wakati wa Basimba, wale waasi wa Simba, akaenda Kamango kumchukua dada yake. Hakurudi. Hakuna aliyeleta hata kofia yake. Baada ya mwaka mmoja ukoo ulizika koti lake la Jumapili, kwa kuwa ilibidi kuzika kitu.

Salomon alimsikiliza mama yake hadi mwisho, na wakati anasikiliza alikuwa tayari anafikiri ni nani anamjua kwenye ofisi ya wanajeshi Beni.

* * *

Walikuja asubuhi, wakati Tamar, mke wa Lévi, anaosha sufuria uani. Nyumba yao ilikuwa Bungulu, mjini Beni, nyumba ya miti na udongo yenye bati jipya upande mmoja. Mwanajeshi wa waasi alitangulia, mjumbe wa chifu wa mtaa nyuma yake.

"Kinga wapi?" mwanajeshi aliuliza.

"Mutusalimie kwanza," Tamar alisema.

Mwanajeshi aliruka sufuria, akaitoa baiskeli ndani, usukani ukikwaruza ukuta. Mjumbe alieleza kwa aibu kwamba kuna mashtaka kutoka Butembo, kwamba baiskeli ni mali ya wizi ya wakati wa Basimba, kwamba itakaa kwa chifu hadi siku ya baraza, na kwamba mshitakiwa alete kuku wa baraza.

"Anayeibiwa analeta kuku?" Tamar aliuliza.

"Mama Tamar, mimi natumwa tu."

Lévi alisimama mlangoni akiwa na kamba zake za kufungia bidoni mkononi. Siku hiyo alitakiwa kusafiri. Alingoja hadi walipopotea kwenye kona, ndipo akaingia ndani kwa mama yake.

Orpa alikuwa ameketi kitandani, anachambua maharagwe mapajani.

"Mama. Baba alitoa kinga wapi?"

"Dukani. Mupya. Nilikuwako. Karatasi ya duka ilikuwa bado imefungwa kwa vyuma ya cadre."

"Unaapa?"

"Mimi sio mutu wa kuapishwa na mutoto yangu," Orpa alisema, akaendelea na maharagwe. Lakini Tamar, aliyesimama nyuma ya mumewe, aliona kwamba mama mkwe wake alikuwa anatupa mazuri pamoja na mabovu.

Nyumba iliyokuwa ikiishi kwa baiskeli iligundua upesi sana kwamba haiwezi kuishi kwa kitu kingine. Lévi alikwenda kubeba mizigo ya watu mgongoni, na wenye mizigo waliomjua walimlipa chini ya vijana, kwa kuwa walijua hana pa kwenda. Wasukumaji wa baiskeli wenzake, ambao alikuwa amepanda nao milima ya barabara ya Butembo akiwasukumia na wao wakimsukumia, waliacha kumwita kwa jina. "Mutoto ya trente-huit," walisema. "Baba yake alizaliwaka na kinga mukononi."

Jumamosi alikuja Ésaïe, mzee wa kanisa. Alikunywa maji, akasifu bati, kisha akasema kwamba Lévi asisimame kesho kupokea sadaka.

"Wazee wanasema nimeiba?"

"Wazee hawasemi. Wanasema ungojee kidogo, juu sahani ya sadaka ni kitu ya macho ya watu."

"Na Salomon anatoaka sadaka kwa kanisa gani?"

"Yeye ni Mkatoliki."

"Donc yeye atasimama kwabo kesho."

Ésaïe aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akaaga. Mzee huyo alipofika barabarani, Lévi alikitupa kile kikombe nje, na Tamar akatoka kwenda kukiokota mbele ya majirani, maana vikombe vilikuwa viwili tu.

* * *

Siku ya baraza, uwanja wa chifu Phinées ulijaa kabla ya jua kupanda. Baiskeli iliegemezwa kwenye mti wa avokado, imefungwa mnyororo kana kwamba ingeweza kukimbia yenyewe. Mwanajeshi alikalia keria ya nyuma, mguu mmoja chini, anakula karanga. Kwa namna alivyokuwa akiutazama mkutano, kila mtu alielewa kwamba ameahidiwa kitu.

Salomon alikuja na gari. Alimshusha mama yake, akamshusha Malachie. Kahambu alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa kitenge cheusi, na alipita moja kwa moja hadi kwenye baiskeli. Aliinua gurudumu la nyuma kidogo kutoka chini, akalizungusha kwa mkono.

Tiki-tiki-tiki-tiki.

Hakulia. Alirudi akaketi, mikono yake imeshikana mapajani, na tangu hapo hakuondoa macho yake kwenye uso wa Orpa.

Chifu alimwita Malachie. Mzee akachuchumaa tena kama alivyochuchumaa sokoni, akaonyesha kidole, akasema ile habari ya munane moja. Chifu alivaa miwani, akainama, akaitazama hiyo tarakimu. Wazee wengine wakainama pia mmoja mmoja.

"Lévi, baba yako alisema aliinunua lini?"

"Cinquante-quatre. Mupya."

"Kitu ilizaliwa trente-huit, baba yako anainunua mupya cinquante-quatre. Hiyo duka ilikuwa ya nani, ya babu wa babu?"

Uwanja ukacheka. Mwanajeshi, ambaye Kiswahili cha Beni kilimpita sehemu, alicheka baada ya wengine, akapiga kiti cha baiskeli kwa kiganja mara kadhaa kama mtu anayepiga tako la mbuzi aliyekwisha kumnunua. Lévi aliutazama mkono ule.

"Chifu," sauti ya mwanamke ilisema, "niko na neno."

Ni Tamar. Phinées akamwambia wanawake watasema mwisho. Tamar akasema mwisho huenda usifike, na tayari alikuwa amesogea mbele.

"Papa Malachie, shikamoo. Nauliza kitu moja, mimi si fundi. Tangu niliolewa hapa, frein ya kusimamisha gurudumu ya nyuma ya hii kinga haijakamata hata siku moja. Mume wangu anafungaka na sandale kwa mutelemko. Tulibadilisha mupira ya frein, tulinyoosha chuma. Hapana. Frein ya mbele inakamata, ya nyuma hapana. Juu ya nini?"

Malachie alipitisha kidole kwenye ukingo wa gurudumu la nyuma, ile pete ya chuma. Alimtazama Salomon, na Salomon akatazama pembeni.

"Ni... jante," mzee alisema chini chini.

"Semea watu," chifu alisema.

"Jante ya mbele iko na umbo moja, ya nyuma iko na ingine. Hii frein ya vyuma inavutaka kwa tumbo ya jante, kutoka chini. Jante ya nyuma haina tumbo ya vile. Ni ya kinga ya frein ya kable."

"Donc?" chifu aliuliza.

Mzee alipangusa mikono kwa kitambaa chake, ingawa haikuwa michafu. "Patron aliniomba nisome moyeu. Nilisoma moyeu, na sikudanganya."

"Hakuna mutu anasema umedanganya," Tamar alisema. "Sasa soma na cadre."

Salomon aliinuka. "Chifu, huyu mwanamuke anafundisha fundi kazi?"

"Loba!" mwanajeshi alimfokea Malachie ghafla, kwa Kilingala: sema. Hakuwa upande wowote. Alitaka tu mambo yaishe. Lakini mzee aliruka kwa hofu, na hofu ile ikayatoa maneno yote kwa mkupuo. Fourche ya nyuma, ile panda inayoshika gurudumu, imepanuliwa kwa nyundo, makovu yapo pande zote mbili. Imepanuliwa ili huo moyeu mrefu uingie. Rondela, zile pete za nati, zimejazwa. Gurudumu na cadre, ile fremu yenyewe, havikutoka pamoja. Moyeu ni wa kabla ya vita, hilo halibadiliki. Cadre ni ya baada, kwa macho yake. Tena ya miaka hiyo hiyo ya hamsini.

Vilizuka vicheko vya namna nyingine, na wasukumaji waliokuwa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba Kahongya hakuwa mwongo. Kwa mara ya kwanza tangu Butembo Lévi alionekana kama mtu wa urefu wake.

Chifu Phinées aliinua mkono. Hakuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini alikuwa amesikiliza kesi za mbuzi kwa muda mrefu. "Bon. Cadre ni ya Kahongya. Na gurudumu? Gurudumu ilitoka wapi?"

Wote walimgeukia Orpa, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

"Mama," Lévi alisema bila kufungua meno. "Nyamaza. Mwambie hujui."

"Mama, sema," Tamar alisema. "Usiposema watachukua yote."

Orpa aliwatazama wote wawili kwa zamu. Kisha akasimama, akirekebisha kitenge chake kiunoni kama anayejiandaa kubeba mzigo.

"Gurudumu ya kwanza lori iliikanyaga," alisema. "Ilikuwa wakati ya Basimba, na dukani hakukuwa kitu. Siku moja mimi na mume wangu tulikuwa Mbau, pale njia ya Kamango inakata. Kijana mumoja alitoka kwa pori na gurudumu kwa bega. Gurudumu peke yake. Mume wangu alimupa mufuko ya chumvi. Ni vile tu."

Kahambu alisimama naye. Sasa walikuwa wawili wamesimama, mabibi wawili, na uwanja mzima umeketi.

"Gurudumu peke yake," Kahambu alisema. "Na ile ingine yote?"

"Sikuona ingine."

"Na mwenye kinga?"

Orpa alilitazama gurudumu.

"Nakuuliza, mama. Na mwenye kinga?"

"Mume wangu aliuliza vile. Kijana alisema mwenyewe haiko naihitaji tena."

"Sema tena."

"Mama Kahambu..."

"Sema tena. Miaka yote sijaisikia. Sema tena."

Orpa alisema tena, neno kwa neno.

"Na mulisukuma," Kahambu alisema. "Mulirudi nyumbani, mukaingiza ndani, mukasukuma. Mukalisha batoto juu yake. Ilikuwa inalia kila siku kwa sikio yenu, tiki-tiki, na mulilala."

Salomon alilipata neno lake: aliruka mbele akisema watu wamesikia wenyewe, hawa ni wanunuzi wa mali ya maiti, na baiskeli yote itwaliwe kama faini. Chifu akasema hapana, cadre ni ya Kahongya, gurudumu ndilo la Sikuli, kila mtu achukue chake.

"Gurudumu peke yake nitaifanya nini?" Salomon alipasuka. "Muzungu anataka kinga muzima! Na moyeu wake na cadre yake, muzima!"

"Muzungu gani?" Kahambu aliuliza.

Salomon akagundua alichosema. "Mama, tutaongea nyumbani."

"Uliniambia itakaa kwa nyumba yangu. Muzungu gani, Salomon?"

Mwanawe alitazama gari lake. Mwanajeshi, aliyeelewa kwamba hapa hakuna tena kitu cha kugawana, aliteremka, akamwambia Salomon kwa sauti ya wote kwamba safari ya asubuhi haikuwa ya bure, na Salomon akamtolea noti mbele ya watu, akizihesabu moja moja. Halafu mwanajeshi akaondoka na mfuko wa karanga na kuku wa baraza pia.

Ilibaki kulitoa gurudumu. Salomon hakuwa na spana, na Malachie alidai amesahau yake Butembo. Basi Lévi ndiye aliyepiga magoti matopeni kwa spana yake mwenyewe, akalegeza nati ambazo alizijua kuliko vifungo vya shati lake, akavuta mnyororo pembeni, akalitoa gurudumu kwenye fourche iliyopanuliwa na baba yake. Nyuma ya baiskeli ilianguka chini. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Kahambu alilipokea gurudumu kwa mikono miwili, likamchafua kitenge kwa grisi, na aliposhikwa na mwanawe ili aingie garini alimsukuma kwa kiwiko. Alitoka uwanjani kwa miguu, gurudumu begani.

* * *

Nyumbani Lévi aliegemeza mabaki ya baiskeli ukutani. Hakula.

"Ungenyamaza," alimwambia mama yake.

"Wangechukua yote," Tamar alisema.

"Afadhali wangechukua yote! Sasa kila mutu Beni anajua baba yangu alinunua kitu ya mufu. Nitasimama wapi? Kwa kanisa? Kwa barabara?"

"Na batoto bangekula hiyo afadhali yako?"

"Wewe ndiye ulianza. Wewe na frein yako."

"Ni mimi, eeh. Ungekuwa umekaa pale, mutu anapiga kiti ya baba yako kama mbuzi, na ungekuwa bado umekaa."

Alimwinulia mkono. Hakuushusha juu yake, lakini aliuinua, na watoto waliona, na Tamar aliutazama mkono ule hadi ukashuka wenyewe.

"Lévi," Orpa alisema kutoka kitandani. "Baba yako alijua. Mimi nilijua. Ni wewe peke yako hukujua, na ulikula muzuri. Usituhukumu na tumbo tulijaza sisi."

Lévi alitoka nje. Kwa siku nyingi baada ya hapo alimsemesha mama yake kupitia watoto: mwambie mukaka, bibi yenu, chakula kiko hapa, mwambie mukaka asogeze kiti. Alibeba bidoni za wengine kwa baiskeli ya kukodi, na nusu ya alichopata ilikuwa ya mwenye baiskeli. Wasukumaji walianza tena kumwita kwa jina, lakini kanisani hakuna aliyemrudishia sahani ya sadaka, na yeye hakuiomba.

* * *

Kahambu alirudi Beni siku ambayo Lévi alikuwa anakaza kamba mlangoni. Alikuja peke yake, kwa miguu kutoka kituo cha magari, bila gari la mwanawe. Hakusema "wavukire" kama watu wa huko wanavyosalimiana asubuhi. Alisimama mwisho wa ua.

"Mama yako atoke," alisema. "Atanionyesha ile fasi kijana alitokea."

"Njia ya Mbau leo haiko muzuri," Lévi alisema. "Juzi wameua watu wawili kwa shamba. Mama yangu ni muzee."

"Na mimi ni mutoto? Sikuongea na wewe."

Orpa alikuwa amekwisha sikia. Alitoka na kitenge cha kujitanda na viatu vya plastiki mkononi. Lévi alisimama kati yake na njia.

"Mama, usiende. Huyu anakuchukia."

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja tangu siku ile ya baraza. Orpa alimpita. "Najua," alisema. "Ndiyo maana naenda."

Walipanda lori la mbao hadi Mbau, mmoja mbele pembeni ya dereva, mmoja nyuma juu ya magunia, na Kahambu ndiye aliyechagua nyuma. Walishuka njia panda. Pale ambapo Orpa alikumbuka pori palikuwa na shamba la muhogo, na baada ya shamba michikichi, na kabla ya shamba, upande wa barabara, kijito chembamba chenye maji ya rangi ya chai. Wanajeshi waliokaa kwenye kizuizi waliwauliza wanakwenda wapi. Kahambu akajibu, "Kwa kilio," nao wakawaacha.

"Wapi?" Kahambu aliuliza walipofika.

"Alitokea upande huu. Labda hapa, labda kule kwa michikichi. Sitakudanganya, miti yote imebadilika."

"Kaa mbali na mimi."

Orpa akakaa mbali, juu ya jiwe. Kahambu alivua viatu, akaingia katikati ya muhogo, akasimama. Hakuwa amekuja na padri wala maua wala jembe. Alisimama tu, akageukia huku, akageukia kule, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na hajui akae wapi. Jua lilipanda. Mwenye shamba, mwanamke kijana, alikuja na jembe lake, akawaona, akarudi alikotoka bila kuuliza.

Muda mrefu ulipita ndipo Kahambu akaita, bila kugeuka.

"Ule kijana. Alikuwa mutu gani?"

"Alikuwa mudogo," Orpa alisema.

"Mudogo namna gani?"

"Ndevu hakuna. Bega lake lilikuwa limechubuka na gurudumu, ilikuwa muzito kwake. Mume wangu alipomupa chumvi hakungoja. Aliingiza mukono yote ndani ya mufuko, akalamba, akalamba, machozi inatoka. Alikuwa na njaa sana. Niliona anaweza kuwa ndugu yangu wa mwisho."

Kahambu aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini haukulegea.

"Kwa baraza hukusema hiyo."

"Hukuniuliza."

"Nilimuchukia mutu mukubwa," Kahambu alisema. "Tangu soixante-quatre, tangu baba hakurudi, namuchukia mutu mukubwa, na ndevu, na ngozi ya chui kwa kichwa. Nilimutengeneza muzuri kwa roho yangu. Na leo unaniletea mutoto analamba chumvi."

Orpa aliinuka kwenye jiwe.

"Sasa nitamuchukia nani? Wewe?"

"Unaweza," Orpa alisema.

Kahambu alimtazama kwa muda, akipima kama inatosha. Halafu akavaa viatu vyake, akiegemea mchikichi kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi, akatangulia kuelekea barabarani. Hakumsubiri. Alipofika kwenye kijito aliruka, akaendelea hatua chache, akasimama kuvuta kitenge chake, na alikivuta polepole sana, mgongo wake umegeukia maji, hadi aliposikia kwamba yule mwingine amekwisha vuka.